Samaki wa Kwanza wa Mama Mvuvi

Emérithe wa Jordbro, kitongoji cha Stockholm, alikuwa na uongo mmoja tu maishani mwake, na alikuwa ameutunza vizuri. Sisi wengine tuna uongo mdogomdogo tunaoutawanya kila siku na kuusahau. Yeye alichagua mmoja, akaulisha, ukanenepa, mwisho ukawa mkubwa kuliko mwenye nyumba.

Ulizaliwa mwaka 2003, katika darasa la Kiswidi la wageni. Mwalimu, mama mpole mwenye miwani ya kijani, aliwataka wanafunzi waseme kila mmoja alikuwa akifanya kazi gani kwao. Mmoja akasema muuguzi. Mwingine hakimu. Bwana mmoja wa Bukavu, aliyekuja darasani na tai shingoni tangu siku ya kwanza, akasema mkurugenzi, na hakueleza wa nini. Zamu ikamfikia Emérithe. Kwao ni Rumonge, Burundi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kazi aliyoifanya tangu ana miaka saba hadi vita vilipomfukuza ilikuwa kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwa lile: kuwatandaza mchangani asubuhi, kuwageuza, kufukuza kuku, kuwageuza tena. Kwa Kiswidi chake cha wiki tatu hakujua namna ya kuyasema hayo, na hata kwa Kirundi aliyaona madogo mbele ya mkurugenzi. Akasema yeye ni mvuvi.

Mwalimu alipiga makofi. Akachora mtumbwi ubaoni, na ndani ya mtumbwi akamchora mwanamke. Emérithe aliutazama ule mchoro akajisikia vizuri mno, na hapo ndipo shetani alipompata.

Maana kweli yenyewe ni hii: kwao Rumonge, enzi zake, mwanamke hakupanda mtumbwi wa kuvulia. Baba yake alikuwa na mtumbwi, na Emérithe aliruhusiwa kuubebea makasia mpaka maji yamguse vidole vya miguu. Hapo safari yake iliishia. Walisema mwanamke akiingia, samaki hushuka chini na hawapandi tena wiki nzima. Siku moja alimwuliza baba yake ni nani aliyewaambia samaki kwamba yeye ni mwanamke. Alipata kofi moja, si kali sana.

Kutoka darasani uongo ulihamia kwenye kwaya ya kanisa la Hallunda, ambako Warundi, Wanyarwanda, Wakongo na Waganda wachache huimba kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ambayo hakuna anayejiona mgeni ndani yake. Huko Emérithe akawa anatia chumvi kidogo kila mwaka. Mwaka wa kwanza alikuwa anapiga kasia tu. Mwaka wa tatu ikaja dhoruba. Kufikia mwaka wa kumi kulikuwa na sangala mmoja, samaki mkubwa wa ziwa lile, aliyeuburuta mtumbwi hadi karibu na Kigoma na kuurudisha kabla ya chai. Wakampa jina, Mama Mvuvi. Watoto wa shule ya Jumapili wakawa hawatulii mpaka wasimuliwe dhoruba.

Mtu pekee aliyekuwa akiuliza maswali ni Mzee Évode, mwenyekiti wa kwaya, mwenye sauti ya besi na umri wa miaka sabini na minne. Alikuwa akimwuliza, uso mkavu kabisa, walikuwa wanawake wangapi mtumbwini. Saba, Emérithe alikuwa akijibu bila kupepesa jicho. Na wanaume walikuwa wapi? Walikuwa wakianika. Mzee Évode alikuwa akitikisa kichwa polepole na kuchovya mkate wake katika chai. Emérithe hakumwogopa. Mzee huyu alijulikana kuwa mtu wa Bujumbura mjini, mtoto wa karani, asiyeweza kutofautisha kasia na mwiko.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Emérithe zilikwisha mwezi wa tisa, alipotimiza miaka hamsini na mitano. Baada ya mazoezi Mzee Évode alisimama, akakohoa, akasema kwamba dada yao amefunga samaki wa barafu katika ghala la Jordbro kwa miaka kumi na tisa, samaki wasio na vichwa wala macho, na hayo si maisha ya mvuvi. Kwa hiyo kwaya imechanga. Mwezi wa kumi Mama Mvuvi ataenda wiki nzima kisiwani Malta, kwenye kijiji cha wavuvi kiitwacho Marsaxlokk, na mwanakwaya mwenzake Norah atamsindikiza. Alhamisi ataingia baharini na mvuvi wa kweli, ndani ya mashua ya kweli. Norah atapiga video, na Jumapili ya kurudi watu wote watamwona Mama Mvuvi akifanya kazi yake.

Wanawake walipiga vigelegele. Emérithe akapiga kuliko wote, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mdomo wake.

Nyumbani alimwambia binti yake Darlène kwamba mgongo unamuuma, na safari ndefu si nzuri kwa mgongo. Darlène, ambaye husemeshwa Kiswahili na kujibu Kiswidi, hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Men mamma," alisema, yaani lakini mama, na mengine yakafuata kwa Kiswidi hichohicho: kwamba jambo hili amelitamani maisha yake yote. Ubaya ni kwamba mtoto alikuwa amesema kweli.

Basi wakaenda. Norah, Mganda wa Jinja, dereva wa basi, mwanamke anayecheka kabla kichekesho hakijafika, alipandia treni kituo cha Upplands Väsby akiwa na kofia pana kama sinia, na kutoka hapo hadi uwanja wa ndege alikuwa ameshapiga picha arobaini. Alipofungua begi la Emérithe kutafuta maji, akakuta pakiti mbili za kahawa na mikate ya mdalasini iliyofungwa kwa taulo. Akauliza ni ya nani. Emérithe akamjibu kwamba mtu haendi ugenini mikono mitupu. Norah akamweleza kwamba ile ni nyumba ya wageni na imeshalipiwa. Emérithe akasema nyumba ni nyumba, lazima kuna mtu analala humo.

Alilala humo mvuvi mwenyewe, jina lake Salvu, mzee mfupi mwenye jino la dhahabu, pamoja na mkewe. Wageni walikaa ghorofani, wenyeji chini. Miaka yote hiyo ya kupokea wageni hakuna aliyewahi kuwaletea kitu. Yule mama aliipokea kahawa kwa mikono miwili, akamkumbatia Emérithe mpaka kofia ya Norah ikaanguka, na tangu hapo hawakuruhusiwa kununua chakula cha asubuhi mahali pengine.

Na kijiji, jamani, kijiji kilikuwa kimelewa rangi. Mashua zote ghubani zilipakwa buluu, njano, nyekundu na kijani, mistari juu ya mistari, na mbele ya kila mashua pana macho mawili yaliyochongwa na kuchorwa nyusi. Norah alizisalimia zote, moja baada ya nyingine. Emérithe alipoyaona yale macho alihisi yanamtazama yeye. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshika samaki wasio na macho, na hapa mpaka mashua inaona.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano walikuwa wendawazimu wawili. Walikula pweza, wakala sungura, wakala tena pweza. Norah aliogelea na gauni. Walicheza gatini muziki uliokuwa unatoka kwenye redio ya mtu anayepaka rangi, mpaka mtu mwenyewe akaacha brashi akacheza. Emérithe alicheka hadi mbavu zikauma, na katikati ya kicheko akawa anakumbuka Alhamisi, anakatiza, kisha Norah anasema neno na kicheko kinaanza upya. Usiku aliomba dhoruba, ndogo tu, isiyoumiza mtu. Asubuhi bahari ilikuwa imetulia kama uji uliopoa.

Alhamisi ikafika. Mashua ilikuwa imeshawashwa, Salvu yuko ndani, Norah yuko ndani, simu imenyanyuliwa. Emérithe alisimama ukingoni mwa gati akiwa amevua viatu, kama baba yake alivyokuwa akivua. Miguu haikusogea. Mwili wake ulijua mahali pa kuishia, na mahali penyewe ni hapa. Alimwuliza Salvu kwa Kiingereza chake cha ghalani kama kwao mwanamke anaingia. Salvu hakuelewa swali. Alinyoosha mkono tu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Emérithe akafumba macho, akaruka kwa miguu yote miwili kwa pamoja, mashua ikayumba, naye akakalia ndoo ya chambo.

"Mama Mvuvi amerudi kazini," Norah aliiambia simu.

Wangefika salama laiti Norah angekuwa na mdomo mdogo. Lakini walipotoka tu kati ya mashua nyingine, alimweleza Salvu kwamba huyu si mtalii, huyu amevua miaka kumi na minane katika ziwa kubwa lisilo na mwisho. Salvu akamtazama Emérithe kwa heshima mpya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hii ilikuwa siku ya nne. Akamwachia usukani, akageuka kuandaa ndoana.

Emérithe akaushika kama anavyoshika mwiko wa ugali, kwa nguvu na kwa kuzungusha. Mashua ikapinda kushoto. Akausukuma upande wa pili, mashua ikaona ameongeza bidii, ikazidi kushoto. Wakaizunguka mashua ya jirani iliyotia nanga, ambayo mwenyewe alikuwa anakula mkate. Wakaizunguka mara ya pili. Mara ya tatu yule bwana akawapungia mkono. Salvu alisimama na chambo mkononi, hajui acheke au aruke. Norah akashusha simu taratibu.

"Norah," Emérithe alisema, na bado walikuwa wanazunguka, "mimi sijawahi kupanda mtumbwi wa kuvulia. Hata siku moja. Mimi nilikuwa naanika."

"Na dhoruba?"

"Mvua tu juu ya bati, mimi niko ndani."

Norah aliitia simu mfukoni. Kisha kicheko kikamtoka, kikamlaza chini kati ya nyavu, na Emérithe akaanza kucheka naye huku machozi yanamtoka, na Salvu, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, akashika usukani na kucheka kuliko wote. Mashua ilinyooka, ikatoka ghubani ikiwa na watu watatu wasiojiweza.

Norah alipopata pumzi akasema jambo ni dogo. Ataikata ile sehemu ya kuzunguka, atabakisha samaki peke yake, na hakuna atakayejua. Emérithe akamshukuru kwa moyo wote.

Kisha akavua. Salvu alimpa mshipi, akamwonyesha namna ya kuulegeza katikati ya vidole na kusubiri. Alisubiri. Kitu kikagusa kule chini, mara moja, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Emérithe alivuta, akavuta, akavuta, na kutoka kwenye maji ya buluu akapanda samaki mmoja mwenye urefu wa kiganja, wa fedha, na mistari ya dhahabu ubavuni, hai, na macho yake yote mawili. Alimshika kwa mikono miwili. Alikuwa ameshika samaki wengi maishani kuliko wanavyohesabika, na wote walimfikia baada ya mtu mwingine. Huyu alikuwa wa kwanza kutoka majini akaja mkononi mwake. Furaha ilimjaa akashindwa kupiga hata kigelegele.

Alivua tisa. Salvu alimhesabia kwa Kimalta, na walipofika kwenye sita na saba wanawake wawili wakashikana mikono, maana yule mzee alikuwa anasema sitta, anasema sebgħa, na nane ikawapotea kidogo, kisha ikaja disgħa, na hiyo ni tisa, hakuna wa kuwadanganya. Wakahesabu naye tena tangu mwanzo, kwa sauti, mara tatu, ingawa samaki hawakuongezeka.

Wanane waliliwa jioni ile. Wa kwanza Emérithe alimfunga uzi mwekundu mkiani. Kwao mvuvi mpya hali samaki wake wa kwanza. Humpelekea mzee, mkubwa kuliko wote walio karibu naye, mzee akamla, na hapo ndipo mtu huitwa mvuvi. Kaka zake walimpelekea babu, na aliyewatoa matumbo samaki wao alikuwa yeye. Sasa huyu wake atampelekea nani? Huwezi kupeleka samaki wa kwanza ukiwa umevua miaka kumi na minane. Hilo ndilo lililomnyima usingizi katika chumba kile kizuri. Alikuwa na furaha kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na hapakuwa na mtu hata mmoja pale Stockholm anayeweza kuambiwa, kwa kuwa wote walidhani ameshaipata zamani.

Akamtoa matumbo, akamtia chumvi, akamwanika juu ya paa tambarare kwenye kamba ya nguo kati ya soksi za Salvu. Siku mbili alimlinda. Kijiji kile kina paka wengi kuliko waumini, na wote walipata habari. Norah alimpiga picha Emérithe akiwa juu ya kiti, kandambili mkononi, akiwatazama paka saba waliomtazama. Samaki alimgeuza asubuhi, akamgeuza mchana. Mikono haikuwa imesahau kitu.

Jumapili, katika ukumbi wa kanisa Hallunda, viti vilipangwa na chai ikamiminwa. Norah aliunganisha simu yake na ukuta mweupe. Ikaonekana bahari, akaonekana Emérithe anavuta mshipi, akaonekana samaki. Hakuna kuzunguka, hakuna jirani anayekula mkate. Watu walishangilia. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akampiga bega akamwambia mikono haijasahau, ni kama zamani tu.

"Kama zamani," wakaitikia wengine.

Emérithe alikuwa ameshikilia mkoba wake magotini. Alisimama.

"Hapana," alisema. "Si kama zamani. Hakuna zamani."

Akawaambia yote, akiwa amesimama mbele ya ukuta, samaki wa video akipita juu ya uso wake. Kwamba alianika miaka yote ile. Kwamba mtumbwi wa baba yake aliujua mpaka kwenye vidole vya miguu tu. Kwamba ameingia kwenye chombo cha kuvulia mara moja, Alhamisi iliyopita, saa moja asubuhi, na alikalia ndoo. Aliwaomba msamaha. Kisha akasema kwamba alifurahi mno, na kwamba asingevumilia wao wasijue jinsi alivyofurahi. Katika safu ya mbele mtoto wa shule ya Jumapili aliuliza kwa Kiswidi kama hata dhoruba haikuwepo. Emérithe akamwambia haikuwepo. Mtoto akaanza kulia.

Mzee Évode aliweka kikombe chini.

"Mama yangu alianika ndagala Rumonge mpaka nilipofika miaka kumi," alisema, "kabla baba hajapata ukarani na kutuhamishia mjini. Hakuna mwanamke aliyepanda mtumbwi pale. Hilo nimelijua tangu ulipoanza hiyo dhoruba yako."

Emérithe alimgeukia. Kisha akamwuliza mbona alinyamaza miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nakusubiri upande mtumbwi," Mzee Évode alisema. "Nikaona unachelewa, nikawaambia wenzako tuchange."

Norah ndiye aliyeanza kucheka, kama kawaida yake, na kicheko kikaenda kutoka kiti hadi kiti mpaka hata yule mtoto akanyamaza ili asikie kinachochekesha. Mtu mmoja alidai aonyeshwe sehemu iliyokatwa, na Norah, ambaye hakuwa amefuta kitu, akaitafuta. Mzee Évode hakugeuka kuitazama. Alikuwa amenyoosha kiganja chake mbele ya Emérithe.

"Mvuvi mpya ana mzee wake," alisema. "Hapa hakuna mkubwa kuliko mimi. Yuko wapi?"

Emérithe alifungua mkoba. Alikuwa amemfunga katika kitambaa cha mezani alichopewa na mke wa Salvu, mkavu, mgumu, uzi mwekundu bado mkiani. Akampa kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo, kama kaka zake walivyofanya kwa babu. Mzee Évode alimnusa kwanza, akatoa uzi, akauweka mfukoni mwa shati. Kisha akaanza na kichwa. Alitafuna kwa muda mrefu, maana meno yake si ya jana, na ukutani nyuma yake mashua ilikuwa inazunguka mara ya tatu na watu wanapiga meza. Akammaliza, pamoja na macho, bila kumgawia mtu.